Mwalishi Mlangoni kwa Badawi

Barua ya Bi Khairiya ya kuomba kazi ya tarishi wa pili ilikuwa ya thelathini na mbili kumfikia Badawi, nayo ilifanana na zile za mbele yake kama vitumbua vya kikaango kimoja. Zote zilipigwa taipureta ile ile iliyokaa kando ya Posta. Zote zilisema mwombaji ni mwaminifu, mchapakazi, tena yu tayari kujifunza. Ya Bi Khairiya ilizidi neno moja tu: penye uzoefu paliandikwa "hakuna".

"Mama," Badawi akamwambia, "umemlipa mtu akutukane?"

"Yule wa taipureta aliniuliza nimefanya ofisi gani. Nikamwambia sijafanya ofisi. Akaandika alichosikia."

"Na wewe wafanya nini?"

"Ni mwalishi. Mwaka wa kumi na tisa huu napita nyumba kwa nyumba kualika watu harusini. Lakini siku hizi watu wachapisha kadi."

Badawi akacheka. Yeye mwenyewe alianza kwa kuuza magurudumu makuukuu Majengo, na cheti chake cha shule hakijaonwa na binadamu. Lakini vya wenzake alipenda kuviona. "Hapa hatuozi mtu, Bi Khairiya. Hapa twapeleka vifurushi."

Na hapo ndipo palipomuuma. Mwaka ule wa 1996 watoto wa Mji wa Kale walioko Maskati walikuwa wakileta mizigo kwao, na Badawi ndiye aliyepewa kuigawa. Nyumba hazina namba. Anwani yasema "Bi Mwanarusi, Kuze, mlango wa kijani", na milango ya kijani Kuze ni mingi kuliko paka. Vifurushi ishirini vilikuwa vimelala stoo, na wakala wa Maskati alikwisha sema: visipofika kabla ya mwezi kwisha, kazi atapewa mwingine.

Akamsukumia orodha, kama mtu asiye na haja nayo. "Haya, tuone."

"Mwanarusi yupi? Kuze wako watatu. Mwenye mtu Maskati ni mke wa Zein, naye hakai Kuze tena, yuko kwa mkwewe Kibokoni, nyumba yenye ngazi iliyovunjika." Akaendelea hivyo mpaka jina la ishirini, kahawa ya Badawi haijapoa. Badawi alikuwa akiandika nyuma ya bahasha.

"Vizuri sana, Bi Khairiya. Tutakuita."

Alijiona amekula kuku na mwenye kuku hana habari.

Asubuhi yake akamtuma tarishi wake Mung'aro, mwenye cheti cha kidato cha nne na miguu mirefu. Mung'aro alizifikia nyumba zote. Kibokoni akamkabidhi mke wa Zein kifurushi mkononi, na mkwewe huyo ameketi ukumbini anatazama. Katika nyumba zile kitu hakimpiti mkubwa kikaenda kwa mdogo, hata kama kimeandikwa jina la mdogo. Bibi mkubwa hakusema neno. Jioni kifurushi kilirudi ofisini na kamba yake haijafunguliwa, pamoja na salamu kwamba nyumba hiyo haipokei vitu vya kutupiwa. Kufika Alhamisi vilikuwa vimerudi kumi na kimoja, na nyumba nyingine zilimfungia Mung'aro mlango hata kabla hajapiga hodi.

Badawi akanunua halua, akaenda Mkanyageni kwa Bi Khairiya.

"Karibu, Bwana Badawi. Waja kuomba kazi?"

"Usinifanyie hivyo, mama."

"Una uzoefu gani wa kupiga hodi?"

Badawi akaiweka halua chini.

"Majina nalikupa yote, nawe ukayabeba bure. Basi chukua na yaliyobaki, maana yule wa Posta hakujua kuniuliza. Naweka nyumba mia nne kichwani bila karatasi. Najua nani atangulie, na nani akitanguliwa atanuna mwaka mzima. Najua waliokosana. Neno nalifikisha vile nilivyopewa, siongezi chumvi. Na miaka kumi na tisa sijarudishwa mlangoni. Wewe ulisikia harusi ukacheka. Mimi nalikuwa nakutajia kazi yako."

"Nitakuandika tarishi."

"Tarishi unaye. Mtume tena."

"Karani msaidizi, basi."

"Namsaidia nani? Karani ni nani pale?"

Badawi akaitazama halua yake. Hakuna aliyeigusa. "Karani," akasema.

"Na mshahara wa karani. Na Mung'aro abebe, mimi nitangulie."

Stoo ikawa tupu siku nne kabla ya mwezi kwisha, na wakala wa Maskati hakusikika tena akilalamika. Badawi alibaki na kazi yake, ila ule mshahara wa tarishi wa pili, aliodhani ameuokoa na alioupangia mambo, ulimponyoka. Bi Khairiya alipata cha mwisho wa mwezi, akakosa ubwabwa wa harusi, leso mpya za zawadi na usingizi wa adhuhuri, ambao anausema mpaka leo.

Badawi naye hajakata tamaa. Kila mwaka humnunulia daftari zuri la jalada gumu, akamsihi ayaandike humo majina na nyumba, ili ofisi iwe nayo. Bi Khairiya humshukuru kwa adabu zote na kulitia mkobani. La tatu hilo. Mjukuu wa Bi Khairiya amelichora paka mpaka ukurasa wa mwisho.