Hamira na Gari la Mwaka Jana

Watu walimwita Hamira, na si kwa sababu ya kuoka mikate tu. Mwenyewe alikiri kwamba akisifiwa asubuhi, kufika saa sita ameshaumuka hadi mlango wa duka haumtoshi. Siku aliyokwenda kununua gari alikuwa ameumuka kweli kweli. Njia nzima alijipongeza moyoni: mtu aliyeuza mkate wa jana maisha yake yote, nani atamdanganya kwa gari la mwaka jana?

Gari alilitaka kwa jambo moja. Mkewe alifariki mwishoni mwa mwaka uliopita, Mungu amlaze pema, na tangu mazishi mama mkwe, aliyeishi nao, hakuwa amekanyaga ibadani. Alisema ni magoti. Lakini magoti hayo yalimuuma miaka yote, na kila Jumapili alikwenda akiwa ameshika mkono wa bintiye. Sasa mkono haukuwepo. Majirani walipojitolea kumchukua, alijibu, "Sipandi gari la watu." Akabaki chumbani, pazia limefungwa, chakula kikirudi nusu, na Hamira akaogopa kwamba muda si mrefu atazika mwingine.

Muuzaji wa magari, kijana mwenye viatu vilivyong'aa kuliko bidhaa zake, alimpeleka nyuma kabisa ya duka, penye gari dogo la kijivu.

"Hili ni jipya, mzee wangu. Hakuna aliyeliendesha. Ila ni toleo la mwaka jana. Lilifika mwanzoni mwa mwaka huo, wateja wakawa wanapita tu. Sasa ya mwaka huu yameingia na sisi tunataka nafasi."

"Kizuri chajiuza," Hamira akasema, akitabasamu kama mpelelezi.

Gari lilikuwa limepigwa nta, na ndani limepuliziwa marashi. Hamira akacheka kimoyomoyo. Yeye mwenyewe huinyunyizia maji mikate iliyolala, akairudisha tanurini kidogo, ikatoka na mashavu ya bibi harusi. Basi akaligonga boneti kwa kidole huku ametega sikio, kama agongavyo mkate upande wa chini kujua kama umeiva. Akabonyeza tairi. Akaingiza kichwa, akanusa kiti.

"Mzee wangu," kijana akauliza, "unanunua au unaonja?"

Wakavutana mpaka kijana akalegeza tai. Bei ikashuka, kisha Hamira akadai na mazulia ya miguuni, akapewa, akayabeba kwapani kama nyara za vita.

Katika maswali yake yote, moja tu halikumjia: gari hilo linaendeshwaje? Yeye alizoea kigari cha mikate, chenye kiti kimoja tu, klachi na gia za kukwaruza. Hili lilikuwa la otomatiki. Mguu wake wa kushoto, mtumishi mwaminifu, ulitafuta klachi ukakuta breki. Akafika nyumbani akirukaruka kama panzi. Mwendesha baiskeli mmoja alimpita, akageuka, akamuuliza kama anaumwa.

Kuhusu umri wa gari aliamua kufunga mdomo. Mama mkwe hakuwahi kugusa mkate uliolala, hata wa mkwewe. Akiletewa alisema, "Mla ni mla leo, mla jana kala nini?" Mtu wa namna hiyo humwambii kwamba gari lake nalo limelala.

Jumapili akaliosha, akamwita. Mama mkwe akatoka na gauni la nyumbani, akaishia kizingitini. Alikuwa bado anatazama tu, hasemi ndiyo wala hapana, mdogo wa marehemu alipotokea. Huyu ni fundi wa magari, na mtaa mzima humwita Spana. Akalizunguka gari mara moja, akapiga kofi.

"Shemeji! Wamekupata! Hili la mwaka jana. La mwaka huu lina taa ndefu nyuma."

"Punguza sauti, shemeji."

"Mwoka mikate kauziwa kiporo!"

Hamira akanywea kama mkate uliofunguliwa tanuri kabla ya wakati.

"Ni kweli, mkwe wangu?" mama mkwe akauliza. "La mwaka jana?"

"Kweli, Mama. Nilifuata nafuu. Nisamehe."

"La mwaka jana lini?"

"Lilifika dukani mwanzoni mwa mwaka huo. Likakaa pale muda wote."

Mama mkwe akalitazama gari upya.

"Basi mwanangu alikuwa bado anatembea," akasema. "Lilikuwepo na yeye yupo."

Spana akaacha kucheka. Mama mkwe akageuka, akaingia ndani, na Hamira akajua ameharibu. Akasimama na kitambaa chake cha kuoshea, maji yakimchuruzikia viatuni, hajui aanze kumlaumu Spana au kichwa chake mwenyewe.

Kumbe mama alikwenda kuvaa. Alitoka na kilemba cheupe na kitabu cha nyimbo, akashika bega la Spana, akashuka ngazi moja moja, akaketi kiti cha mbele.

"Wewe kaa nyuma," akamwambia mwanawe, "na kinywa chako nacho ukifunge mkanda."

Hamira akaukunja mguu wa kushoto chini ya kiti, akauonya. Wakaenda vizuri hadi kona ya kwanza, mguu ukatoroka. Gari likasimama ghafla, wote watatu wakainama kama wamealikwa kusali.

"Mkwe wangu," mama mkwe akasema alipoinua kichwa, "Bwana akiniita nitaitika. Lakini si lazima wewe ndiye unipeleke."

Akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha kwanza tangu mazishi, na kilifanana na cha marehemu hata Hamira akaona barabara yote imejaa maji.

"Futa macho, baba," mama mkwe akasema. "Wewe ndiye umeshika usukani."