Mikono ya Asina

Siku niikumbukayo kuliko hata ya harusi yangu, mwanangu, ni ile niliyoikuta kamba mpya mlangoni kwa Mama Asina, jirani yetu pale Mnyambe. Ilikuwa enzi za Mwingereza. Mimi nilikuwa msichana nisiyechoka kuuliza, mpaka shangazi akanibandika jina la Bi Kwanini.

“Shikamoo, mama. Kamba ya nini hiyo?”

“Marahaba. Ya Asina,” alisema bila kuniangalia. “Baba yake kasema kuanzia kesho, tukienda kuteka maji, afungwe nguzoni. Katumalizia mitungi.”

Kule juu mlimani, kijijini kwetu, hakukuwa na maji. Wanawake tulishuka bondeni alfajiri, tukapanda mlima na mitungi kichwani, na mtungi ukivunjika njiani nyumba nzima ilishinda na kiu. Asina, binti aliyekuwa karibu kuchezwa unyago, hakuwa akisema, hakupenda kuguswa, na kila safari aliangusha mtungi. Wengine walisema ana kiburi, wengine pepo. Neno usonji, hilo unalolisomea wewe, hatukuwa nalo.

Roho iliniuma, lakini zaidi nilitaka kujua. Mbona kushuka anashuka vizuri, na kuteka anateka bila kumwaga hata tone? Nikamwomba mama yake amruhusu Asina aende safari moja tu ya mwisho siku hiyohiyo. Shangazi akatoa mtungi wake, huku amenuna.

Wenzangu wote waliukodolea macho mtungi. Mimi nikaitazama mikono. Tulipoanza kupanda, wanawake wakapaza wimbo, maana ndivyo tulivyousahau mlima. Papo hapo mikono ya Asina ikauachia mtungi, ikaziba masikio! Nikaudaka, nusu ya maji ikaniishia mwilini. Kumbe mtoto hakuwa mkaidi, kelele zetu zilikuwa zikimuumiza.

Nikamfunga kilemba changu masikioni. Akakivua, akakitupa porini. Basi tukaujaza tena mtungi, nikaomba yeye na mama yake watangulie, sisi tungoje hadi wafike mbali, wimbo wetu usiwafikie.

“Yaani wote hawa tumngoje mtoto mmoja?” mmoja akalalamika. Lakini tulingoja.

Tulipofika kijijini, Asina alikuwa ameketi kando ya mtungi uliojaa. Baba yake akarudi kutoka shamba la mikorosho, akaelezwa yaliyotokea, akachota maji, akanywa. Kisha akaichukua ile kamba, akaenda kumfungia mbuzi.

“Kesho atangulie tena,” akasema. Mama Asina akalia kwa furaha, nami nikalia naye.

Mwanangu, mtoto akishindwa kazi, usikimbilie kumnyoosha yeye. Itazame mikono yake, ujiulize yeye anasikia nini. Jaribu, na ukikosea kama mimi na kilemba changu, jaribu tena. Huenda kinachotakiwa kubadilika ni wimbo wetu sisi.

Mungu akujalie usichoke kuuliza. Na kila nyumba utakayoingia, ukitoka, kamba yake ibaki ya mbuzi tu.