Mpangaji Ndani ya Nyasi

Mjukuu wangu anasomea mimea chuoni. Jumamosi moja asubuhi alikata jani la nyasi nyuma ya nyumba yangu hapa Kitengela, akaniambia mimi bibi yake, "Koko, ndani ya hili jani kunaishi kuvu."

Mimi kuvu naijua. Kule Kajiado ndama wangu alikufa kwa kula mahindi yaliyoota kuvu. Basi mjukuu alipoenda sokoni, nikamfungia ng'ombe wangu zizini, ilhali ananyonyesha, nikampa maji tu. Alilia mpaka jirani akachungulia.

Mjukuu aliporudi jioni akashangaa. "Koko, ng'ombe amekosa nini?"

"Si wewe ulisema nyasi iko na kuvu? Kuvu ya mahindi ndiyo iliua ndama wangu."

Alicheka mpaka akakaa chini. "Hiyo ni nyingine! Hii haiozeshi kitu. Inakaa ndani kama mpangaji, na kodi yake ni kusaidia nyasi kuvumilia jua. Ng'ombe ameila tangu azaliwe."

Nikafungua zizi. Ng'ombe akanipita bila kunitazama, akaenda kula.

Nyasi za huku zote nazijua kwa jina. Nikauliza, "Na huyo mpangaji anaitwa nani?"

Akasema hata mwalimu wake bado hajui.