Breki za Mafuta za Kigari cha Mwalimu Lemburis

Meitamei wa Olmotonyi alikuwa na mguu wa kulia uliosoma kuliko kichwa chake. Kichwa kiliishia darasa la pili kwa wamisionari, na hilo la pili lenyewe alilikalia miaka miwili kama kuku anayeatamia. Mguu ndio ulioendelea na masomo. Ulikwenda na jeshi la Mwingereza hadi Burma, ukashinda miaka mitatu kwenye karakana ya malori, ukarudi Arusha ukiwa profesa. Ukibonyeza pedeli ya breki mara moja tu, unamwambia Meitamei tairi gani linavuta, raba ipi imechoka, na mjinga gani alilifungua gari hilo kabla yake. Hata Wazungu wa mashamba ya kahawa walimtafuta, ila wao walimtuma mpishi aje kubembeleza kwa niaba yao.

Mwaka wa hamsini na tano alikuwa kwenye karakana ya Kulwant Singh, karibu na stesheni. Kulwant Singh alikuwa Kalasinga wa makamo, mwenye kilemba cha buluu kilichochafuka grisi upande mmoja, ule anaojikuna akifikiri. Hao wawili walitaniana tangu kufungua mlango asubuhi mpaka kuufunga jioni, na hakuna aliyewahi kununa.

Basi mwezi wa sita akaja Mwalimu Lemburis na kigari chake. Mwalimu alifundisha mjini, lakini kwao ni Olmotonyi, boma kwa boma na akina Meitamei. Kigari alikipata kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Kilikuwa cheusi, kidogo, milango miwili, ukikaa ndani magoti yanakisalimia kidevu. Breki zake zilikuwa za kizamani, za fito: ukibonyeza pedeli, vyuma virefu vinavutana chini ya tumbo la gari, kila kimoja kwa wakati wake. Leo linashika gurudumu la kushoto, kesho la kulia. Ndiyo maana Mwalimu alishuka mlima kwa gia ya kwanza kila siku ya Mungu, injini ikilia kama ndama aliyenyimwa ziwa, na akina mama wenye mizigo ya kuni mgongoni wakimpita na kumpungia.

"Mwalimu," Meitamei alimwambia, "hata mbuzi wangu wanashuka ule mlima kwa heshima kuliko wewe."

"Mbuzi wako hawana breki za fito."

"Na wewe hutakuwa nazo. Nakuwekea za mafuta. Utabonyeza kwa kidole gumba, gari linapiga magoti."

Nyuma ya karakana kulikuwa na mzoga wa gari la ukoo uleule, lakini la toleo jipya, lenye breki za mafuta. Kulwant Singh alipoombwa vile viungo alijikuna kilemba.

"Chukua," alisema. "Lakini wewe naharibu, mimi nafunga hiyo breki kwenye mguu yako, wewe natembea nayo mjini."

"Ukifunga kwenye mguu wangu, bwana mkubwa, nani atakutengenezea magari?"

Meitamei hakuwa akijisifu bure, wala hakuwa akifanya hisani bure. Huko Olmotonyi alikuwa na mama yake, Naipanoi, ambaye macho yote mawili yalikuwa yamezibwa na mtoto wa jicho. Miaka mitatu alikuwa akimjua mwanawe kwa harufu ya petroli. Mwaka huo ilitangazwa kanisani kwamba daktari wa macho atapita hospitali ya mjini siku moja tu, Ijumaa ya pili ya mwezi wa saba. Ataanza asubuhi, atamaliza saa nane, kisha anakwenda zake. Mwalimu alikubali kumshusha mama kwa gari. Kumpandisha bibi kizee kwenye gari la breki zile za fito hakukuwa jambo la mtoto mwenye akili, na Meitamei akaapa kwamba mama yake hatashuka mlima kwa fito.

Akafunga silinda chini ya sakafu, akakunja mabomba, akavalisha magurudumu yote manne viatu vipya vya breki. Fito akazing'oa na kuzitupa. Breki ya mkono, iliyokuwa ikivuta fito zilezile, akaiacha ikining'inia; aliahidi kuiunga wiki inayofuata. Kazi ilikuwa safi. Kilichokosekana ni kitu kimoja, mafuta yenyewe. Kopo la karakana lilikuwa tupu, maduka yote ya mjini yalikuwa yakisubiri treni, na Kulwant Singh akasafiri Moshi kuyatafuta.

"Ngoja mimi," aliagiza. "Usitie kitu."

Jumatano, Meitamei alinusa lile kopo tupu. Pua yake ikakumbuka Burma. Huko mafuta ya breki yalipokwisha, sajini mmoja alichanganya mafuta ya nyonyo na spiriti, na malori yakaendelea na vita. Nyonyo ni ile ile waliyokuwa wakinyweshwa watoto kuwafungua matumbo; hospitali ilikuwa nayo tele. Spiriti je? Spiriti ya dukani ilikuwa imepakwa rangi na kutiwa sumu, na isitoshe Meitamei aliidharau. Kwa nini ahangaike na ya Mwingereza wakati Moshono kulikuwa na mama Kasaine, aliyekuwa akipika pombe ya moshi iwakayo ukiiwashia kiberiti? Polisi walikuwa wakiimwaga kila mwezi, na kila mwezi walitoka kwake wakiyumba.

Alichanganya ndani ya chupa. Vile viwili havikutaka kukaa pamoja; mafuta yalipanda juu, pombe ikabaki chini. Fundi mwingine angejiuliza kulikoni. Meitamei akatikisa. Akatikisa mpaka ikawa nyeupe kama togwa, akasema hiyo sasa imeiva, akamimina. Akatoa hewa iliyobaki kwenye mabomba ya breki, akabonyeza. Mguu uliosoma ukakutana na pedeli ngumu kama jiwe la kusagia. Wakazunguka mjini na Mwalimu, sokoni, bomani, mpaka darajani, na kila alipobonyeza kigari kilisimama papo hapo na kofia ya Mwalimu ikagonga kioo.

"Umeona?" Meitamei alisema. "Sasa nakuomba kitu kimoja, usiniaibishe. Acha ile gia ya kwanza yako ya kizee. Shuka kama mwanamume, gia ya juu, mguu juu ya breki."

Mwalimu, mtu aliyefundishwa kusikiliza wataalamu, alisikiliza. Alhamisi jioni akapanda kwao. Kupanda hakuhitaji breki.

Ijumaa asubuhi, saa mbili hivi, kukiwa na ukungu na baridi ya kuuma masikio, Kulwant Singh akaingia karakana na kopo jipya kwapani. Akatazama pale kigari kilipokuwa.

"Gari iko wapi?"

"Imepona, imekwenda nyumbani," alisema Meitamei, akijipangusa mikono taratibu ili asifiwe vizuri. Akasimulia yote, Burma, nyonyo, mama Kasaine. Chupa ilikuwa na mabaki. Kulwant Singh hakutukana. Hilo lilikuwa la kwanza kumtia Meitamei wasiwasi. Akaishika chupa kwenye mwanga. Usiku ulikuwa umevitenganisha tena. Juu manjano, chini maji maji. Akachukua kijiko, akateka ya chini, akakiweka juu ya moto wa jiko la mafuta ya taa. Haikuchukua muda. Kijiko kikachemka, kikatoa povu na mvuke.

"Hii nusu ni maji," alisema. "Sajini yako alikuwa na spiriti kavu. Mjini wewe nabonyeza mara moja, mara mbili, breki iko baridi. Mlimani yeye nabonyeza maili mbili. Breki nawaka moto. Maji nachemka ndani ya bomba, nakuwa mvuke. Wewe nabonyeza mvuke, mguu nafika chini kwenye sakafu. Meitamei, wewe hapana fanya breki. Wewe nafanya birika ya chai."

Meitamei alikuwa ameshafika mlangoni. Gari pekee la karakana lilikuwa limelala bila injini. Akachukua baiskeli ya Kulwant Singh.

Kutoka stesheni mpaka Olmotonyi ni maili nane, na zote zinapanda. Barabara ya Nairobi aliimaliza bila kujua ameimaliza vipi. Alipokata kulia kuingia njia ya mlimani, mnyororo ukachomoka. Akaurudisha, ukachomoka tena, akaitupa baiskeli kwenye majani na kukimbia. Hakuwa tena kijana wa jeshi. Alikuwa na tumbo. Alikimbia akihesabu kichwani: mama atakunywa chai kwanza, atavishwa shanga, jirani atamwombea, Mwalimu atapasha injini. Huenda wamechelewa. Mungu awacheleweshe. Tangu azaliwe hakuwahi kuomba mama yake achelewe mahali.

Akaisikia injini kabla ya kuiona. Hapo ndipo elimu yake yote ilipomgeukia. Angekuwa mtu mwingine, angesikia gari tu linakuja. Yeye alisikia gia. Ilikuwa ya juu. Haikulia kama ndama, ilikuwa ikikoroma kwa raha, kigari kikitelemka kwa uzito wake kama alivyomfundisha mwenyewe. Na chini ya koromo hilo akasikia mkwaruzo mrefu usiokatika, viatu vya breki juu ya chuma, dakika baada ya dakika. Mguu wa Mwalimu ulikuwa umetulia juu ya pedeli.

Kigari kikatokeza kwenye ukungu. Meitamei akasimama katikati ya njia, akainua mikono yote miwili, akaipunga, akaishusha, akaonyesha gia kwa ngumi, mbele, nyuma, mbele. Mwalimu Lemburis alimwona. Akatabasamu. Akatoa mkono dirishani na kumpungia, kisha akapiga honi mara mbili kumjulisha kwamba breki ni nzuri. Kando yake Naipanoi, shuka lake jipya limefungwa begani, aliambiwa kitu, naye akainua mkono na kuupunga upande ambao mwanawe hayupo.

Meitamei akaruka pembeni. Gari likapita kwa harufu ya kitu kinachoungua.

"Gia!" alipiga kelele. "Weka gia!"

Hatua hamsini chini kulikuwa na kona. Alitazama. Hakukuwa na la kufanya ila hilo, kutazama, mikono ikiwa bado imeinuliwa. Aliona kichwa cha Mwalimu kikiinama ghafla, kikiinuka, kikiinama tena, kama mtu anayekanyaga nyoka sakafuni. Akajua pedeli imekwenda chini. Akaona mkono ukishika breki ya mkono na kuivuta mpaka mwisho, na breki ile ikaja yote, nyepesi. Haikuwa imefungwa kwenye kitu. Kisha kona ikafika, na kigari hakikukata. Kilikwenda moja kwa moja, kikavunja uzio wa miti wa mkulima mmoja, Solomoni, kikaingia shambani, kikapotelea ndani ya lundo la mabua ya mahindi.

Alipofika, Solomoni alikuwa amesimama na jembe lake, akiangalia mabua yakimwagika juu ya paa. Mwalimu alikuwa amekaa chini, uso wa jivu, ameshika bega. Mfupa ulikuwa umevunjika na ulionekana kwa macho. Alimtazama Meitamei kama mwanafunzi anavyomtazama mwalimu aliyempa jibu lisilo sahihi.

Meitamei akafukua mabua upande wa pili, akafungua mlango. Mama yake alikuwa amekaa wima, shanga zote mahali pake, mabua mapajani.

"Yeyo," alisema, yaani mama kwa lugha yao. "Yeyo, umeumia?"

"Ni wewe, Meitamei?" Naipanoi alinyoosha mkono mpaka akaupata uso wake. "Lemburis amesema breki ni kazi yako. Nilikuwa naogopa, nikidhani gari linapiga kishindo likisimama. Kumbe linalala kwenye majani."

Solomoni akafungua mdomo. Meitamei akamtazama, na Solomoni akaufunga.

"Hospitali ni hapa?" mama aliuliza.

Ilikuwa saa nne. Akampandisha mgongoni, akashuka naye mpaka alipoitupa baiskeli, akamkalisha kwenye kiti cha nyuma na kuikokota, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kiunoni mwake. Mwalimu akafuata nyuma akisaidiwa na Solomoni, akihema kwa maumivu kila hatua. Lori moja la mkaa lilipita barabara kuu bila kusimama. La pili likawachukua, likaharibika njiani, maana siku ile vyuma vyote vya Arusha vilikuwa vimekubaliana. Kulwant Singh aliwakuta wakitembea, akiwa na gari la kuazima, akawaingiza.

Walifika saa tisa kasoro. Mwalimu alichukuliwa kufungwa bega. Mganga msaidizi akamtazama Naipanoi macho, mkono chini ya kidevu, akasema yalikuwa yameiva vizuri kabisa kwa upasuaji, hasa ndiyo yale aliyokuwa akiyatafuta daktari. Lakini daktari amekwenda kupanda treni. Warudi mwakani.

"Mwakani," Meitamei alirudia.

"Akija. Tumeambiwa huenda akahamishwa."

Naipanoi alikuwa akisubiri kwenye benchi la nje, mikono miwili juu ya fimbo, akiwasikiliza wagonjwa waliofungwa vitambaa macho wakichekeana jinsi kila mmoja alivyogonga ukuta. Alipomsikia mwanawe akija alijisogeza kumpa nafasi.

"Wamesemaje?" aliuliza.

Meitamei alikaa. Mguu wa kulia ulikuwa ukicheza wenyewe juu ya sakafu ya saruji, ukibonyeza, ukiachia, ukibonyeza, na yeye akauwekea mkono juu ya goti ili utulie. Haukutulia.

"Wanasema tusubiri, yeyo."

"Basi tusubiri," alisema mama yake, akalitengeneza shuka begani vizuri zaidi.