Bwana wa Hadithi Yuko Mlangoni

Wanawake wa Ngezi, mtaa mmoja wa Bunia, walikuwa wakifumua nywele zilizosukwa juzi tu, wakarudi kwa Kanyere wasukwe upya, na ukiwauliza sababu walisingizia kuwashwa kichwa. Uongo mtupu. Walikuwa wakifuata hadithi. Uani kwa Kanyere sheria ilikuwa moja: hadithi ni ya yule aliyekaa kwenye kigoda, kichwa chake mikononi mwa msusi. Waliokuja kuvizia pembeni walifukuzwa bila haya, hata wawe wameleta ndizi.

Hadithi aliitunga mwenyewe. Ilitokea katika Bunia ya miaka mingi ijayo, ambako vita vimesahaulika na watu wanabadilishwa viungo kama vipuri vya pikipiki. Bibi mmoja anabadilishwa mguu, kisha mikono, kisha moyo. Mwishowe kumbukumbu zake zote zinatiwa ndani ya kisanduku kidogo cha chuma kifuani. Kila asubuhi anajipapasa mwili na kujiuliza kama bado ni yeye. Na bwana wake yuko safarini, hana habari.

Mteja mkaidi kuliko wote alikuwa Mama Gertrude, jirani aliyeuza makayabu, wale samaki wa chumvi.

"Kama mutu muzima iko chuma tupu," aliuliza siku moja, "ile mbuzi ya mahari banarudisha ao banaacha?"

Kanyere alicheka mpaka kitana kikamponyoka. "Banaacha, mama. Mutu iko ule ule."

"Basi bwana akirudi atamujua?"

Hapo Kanyere akaendelea kusuka tu. Alikuwa na lake rohoni. Mwezi wa tano mwaka 2003, Bunia ilipowaka moto, bomu liliangukia nyuma ya jiko lao likamkata mguu wa kushoto chini ya goti. Alilia, akachoka kulia. Baadaye akapata mguu wa plastiki ulioletwa kwa ndege kutoka Goma, na siku ya kwanza alipotembea nao hadi kwenye bomba la maji aliimba njia nzima. Jioni aliupaka mafuta kama ule mwingine.

Kilichomsumbua ni Honoré, mchumba wake. Alikwenda Mambasa kuchimba dhahabu, vita vikafunga barabara, akakwama huko. Kwa fonii, ile redio ya kupelekeana habari, Kanyere alimwambia kwamba hajambo, basi. La mguu hakuligusa. Aliogopa kuachwa, tena aliogopa sana. Ndiyo maana bwana wa hadithi alibaki amesimama mlangoni wiki nenda wiki rudi, wateja wakinung'unika, na mtunzi mwenyewe hajui amwingize au amrudishe alikotoka.

Barabara ikafunguliwa. Asubuhi moja Honoré akatokea uani bila kubisha, vumbi mpaka kwenye kope, nywele ndefu kama mtu aliyekosa kinyozi tangu aondoke. Mchumba akirudi safari unasimama, unamtua mzigo. Kanyere hakusimama. Alishusha kitenge kikafunika miguu yote miwili, akaendelea na kichwa cha Mama Gertrude.

"Karibu, Honoré. Habari ya safari?"

"Muzuri. Weye hausimame?"

"Niko na kichwa ya mutu mu mikono."

Mama Gertrude hakuumbwa kwa kukaa kimya. "Baba, huyu anatutesa. Bwana wa hadithi iko ku mulango tangu zamani, haingie. Saidia siye."

Honoré akaomba aisikie hiyo hadithi. Akaelezwa sheria. Ndipo Mama Gertrude akainuka, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imetimka, akampisha. Mwanaume mzima akakaa kwenye kigoda asukwe, mchana kweupe, majirani wakichungulia juu ya ua.

Kumbe mgongo wa mtu ni rahisi kuuambia mambo kuliko uso wake. Kanyere akachana, akagawa nywele, akaanza hadithi tangu mwanzo. Msuko wa kwanza ukaenda upogo. Pale wanawake walipozoea kucheka, Honoré hakucheka. Hadithi ilipofika kwa bwana mlangoni, Kanyere akakwama kama kawaida yake.

"Ule bibi," Honoré akasema bila kugeuka, "usiku akilala, anawekaka muguu wapi?"

"Chini ya kitanda. Upande yake."

"Aweke upande ya bwana. Siku akikasirika akitaka kwenda kwao, atamuruka bwana kwanza, ashike muguu. Bwana ataamuka, ataomba musamaha."

Mama Gertrude alipiga kigelegele. Kanyere alibaki ameshika nywele.

"Nani alikuambia?"

"Shoferi mumoja, pale Komanda, mu njia ya kuja huku. Barabara ilikuwa wazi pande zote, Kanyere. Ningetaka kurudia Mambasa, ningerudia." Akanyoosha shingo. "Maliza hii kichwa. Leo ninaenda kuona baba yako."

Kanyere hakumaliza. Aliziachia nywele, akasimama, akapandisha kitenge hadi magotini, akakizunguka kigoda polepole aje mbele yake, ili amwone anavyotembea.