Kifungo cha Sweta la Nesi

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na sindano yenye uzi haikosi kwenye pindo la kilemba chake. Alipokwenda kumtembelea binti yake ughaibuni, alikwenda nayo.

Wiki ya tatu tumbo likamkamata upande wa kulia. Binti akamkimbiza hospitali, chumba cha dharura. Sakafu inang'aa, kila mtu na kiti chake, kimya utadhani wanafanya mtihani. Nesi akauliza, binti akatafsiri: "Mama, kuanzia sifuri mpaka kumi, maumivu yako ni ngapi?"

Shangazi akatazama huku na huku. Kule mzee anahema kwa tabu, huku mama kafungwa bandeji kichwani.

"Mwambie mbili."

"Mbili? Si asubuhi ulikuwa unatambaa kwenda chooni!"

"Usinitangaze, wewe. Hiyo kumi tuwaachie wanaokufa."

Nesi akaandika mbili. Wakakaa saa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Waliokuja nyuma yao wakaitwa, wao wapo tu.

Nyumbani, jamani, hiyo mbili hakuna nesi angeiamini. Mwaka juzi alishikwa na homa, akajikokota mpaka zahanati ya mtaani kwetu, ile ambayo dripu inatundikwa kwenye msumari wa dirisha. Nesi wa pale tunamwita Sista Mkali.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo, mwanangu."

"Sijambo gani na midomo imekauka hivyo? Hebu lala hapo!"

Mashine hana, macho anayo.

Basi kule ughaibuni, nesi alipopita tena, Shangazi akaona kifungo cha sweta lake kinaning'inia. "Mwambie asogee nimshonee." Akachomoa sindano. Uzi wake mwekundu, sweta la buluu. Fundi gani angekubali? Akatoa uzi wa buluu mkobani, akajaribu kuutunga. Ukapita pembeni. Akarudia. Mara ya tatu sindano ikamponyoka, ikaanguka.

Binti machozi yakamtoka. "Huyu mama," akamwambia nesi, "anatunga uzi amefumba macho. Sijawahi kumwona akikosa."

Nesi hakuuliza namba tena. Akapiga magoti, akambonyeza tumbo, Shangazi akaachia ukelele. Hapo hapo kikaja kitanda cha magurudumu, ikapigwa picha ya tumbo, wakafika madaktari watatu. Kidole tumbo kilikuwa karibu kupasuka. Wakakitoa salama.

Kesho yake nesi akaja. "Leo ngapi?"

"Nne," akasema Shangazi. "Nne ya kweli. Haya, lete sweta."

Aliporudi nyumbani, hata mizigo hakufungua, akaenda zahanati kumwonyesha Sista Mkali tumbo lake. "Tazama mshono! Hata mimi nisingeunyoosha hivi. Wale madaktari nawaombea kila siku, na wewe nakuombea."

Sista akauinamia mshono. "Wamekushona vizuri. Unauma?"

Shangazi akafungua mdomo kusema hapana, akaufunga. "Unavuta kidogo, hapa chini."

"Ahaa! Leo umesema mwenyewe. Hebu lala hapo."