Herufi Nene Kisimani

Kosa ninalolieleza hapa ni majivuno, na yalipakwa rangi nyeupe juu ya bati la samawati ili kila mpita njia ayasome.

Karibu na Kanyangi, akina mama wa mwethya, yaani kikundi chetu cha kufanya kazi pamoja bila ujira, walikuwa wamesomba mawe hadi kisima kikakamilika. Afisa wa maji alipopima maji yake, alitutahadharisha: yana chumvi mbaya isiyoondoka kwa kuchemshwa, yafulie nguo, lakini yasiingie kinywani mwa mtu, hasa mtoto. Kamati ikaamua kuweka bango, nami nikatumwa Kitui kwa mchora mabango.

Nilichagua herufi kwa makini. Nilizitaka zile nene zisizo na vikia nchani, ambazo O yake ni duara kamili na I yake ni nguzo tupu. Hazina urembo, zimeundwa zisomwe na mtu aliye ng'ambo ya korongo. Kwa hizo nikaagiza: MAJI HAYA HAYANYWEKI. Jina la mfadhili lingekaa chini, dogo.

Mwenyekiti wa kamati, aliyenunua pampu, alipita kwa mchora mabango baada yangu. Bango liliposimamishwa, herufi nilizozichagua zilikuwa zimebeba jina lake na cheo chake, toka ukingo hadi ukingo. Onyo lilikuwa limesukumwa chini, jembamba kama unywele.

"Mwenyekiti, hili ni bango la kisima au la kura?" nilimuuliza mbele ya kamati.

"Mwalimu, wewe na herufi zako! Onyo si lipo? Ama watu wa hapa hawana macho?"

"Wenye macho wataona jina lako."

"Na waone! Kwani pampu ilinunuliwa na shangazi yako?"

Kamati nzima ikaangua kicheko. Ndivyo tulivyo: anayetoa hupewa ubao mzima, na ukweli hutafutiwa pembe.

Haukupita muda, binti wa dada yangu, aliyeolewa Kambu, akaja kututembelea na mtoto wake mdogo. Alitukuta tumekwenda ibadani. Akashuka kisimani, akachota maji. Aliyaonja, akahisi chumvi, lakini kwao Kambu pia maji yana chumvi, akampikia mtoto uji. Kufikia jioni mtoto alikuwa ameharisha hadi macho yakazama. Tukamkimbiza hospitali ya Kitui, na pale kwenye benchi mama yake akaniuliza, "Mjomba, mbona onyo halikuandikwa kwa herufi kubwa?"

Nikamweleza ni jina la nani lililochukua herufi hizo.

Mtoto alipona, ashukuriwe Mungu. Niliporudi kumweleza mwenyekiti, alisema kwamba msichana alipaswa kusoma bango lote. Nilimwambia kuwa mtu anayelipatia jina lake sauti ya tarumbeta na kuliachia onyo mnong'ono hana haki ya kumlaumu asiyesikia. Akanifungia mlango.

Siku ya mwethya iliyofuata, akina mama walikusanyika kisimani. Mmoja wao alifuta bango lote kwa rangi ya samawati, jina kwanza. Kisha, kwa sahani ya duara na ubao ulionyooka, akachora onyo upya, herufi kwa herufi, nene, hadi likajaa bati. Hakuna aliyethubutu kumzuia.

Alikuwa mke wa mwenyekiti.